Tovuti ya Duka Kawangware: Wiki Zinaishia Wapi?

Tovuti ya Ushahidi ilijengwa kwa siku chache tu. Januari 3, 2008, Kenya ikiwa imetumbukia katika vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliwaomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zilipotokea. Kabla ya wiki mbili kwisha, David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walikuwa wameiweka hewani. Baadaye vijana wa Map Kibera, walioanza kuchora ramani ya mtaa wao Novemba 2009, waliitumia programu hiyohiyo kuanzisha Voice of Kibera. Basi mwenye duka akiambiwa tovuti yake itachukua wiki nane, ana haki ya kuuliza kulikoni.

Ushahidi haikuuza kitu. Ilipokea taarifa na kuionyesha. Duka hupokea pesa na kutoa mzigo, na hapo ndipo muda unapokwenda.

Tuchukue duka la sare za shule pale Kawangware 46. Jina la .co.ke, lililo chini ya KeNIC, kwa kawaida hupatikana siku hiyohiyo. Kurasa zenyewe fundi mzuri huzimaliza kwa wiki mbili. Picha, saizi na bei huchukua muda zaidi, maana bei ya sweta imo kichwani mwa mwenye duka na hushuka mzazi akibembeleza. Tovuti haibembelezwi, lazima bei iamuliwe, na hakuna fundi anayeweza kumwamulia mwenye mali.

Kisha malipo. Kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, mteja hupata ujumbe kwenye simu unaomtaka aweke PIN. Kuufanya ujumbe huo utokee ni kazi ya siku moja. Kazi kubwa ni kinachofuata, kwa sababu jibu haliji papo hapo: Safaricom hulituma baadaye kwa seva ya duka. Namba 0 maana yake amelipa, 1 salio halikutosha, 1032 amekataa, 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Na kama seva ilikuwa imezimika jibu lilipofika? Pesa ya mzazi imekatwa, oda bado inasomeka haijalipwa. Tovuti lazima iulize tena yenyewe hali ya muamala huo. Mimi sehemu hii huipa wiki mbili nzima, na sipunguzi, kwani mzazi aliyepoteza hela mara moja hatarudi.

Anwani nayo ina mambo yake. Fomu nyingi zilizo tayari hudai barabara, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Mteja wa Laini Saba au Gatina hukuelekeza kwa stendi, kanisa, kibanda cha M-Pesa na namba ya simu ya kupigiwa. Fomu ijengwe upya hivyo, kisha ijaribiwe na mtu wa boda atakayepeleka mzigo. Yeye ndiye atajua maelezo yapi yanamfikisha mlangoni.

Ukijumlisha, wiki nane ni makadirio ya haki. Sare hununuliwa zaidi Januari shule zinapofunguliwa, kwa hiyo tovuti iwe imeshapokea malipo halisi kufikia mwanzo wa Desemba. Mwenye duka na fundi waanze kukaa pamoja Septemba, orodha ya bei ikiwa mezani.