Redio Iliyonunuliwa kwa Pamba

Kabla ya kugusa bisibisi, fundi anaigeuza redio na kuitazama mgongoni. Ni Philips ya betri ya miaka ya 1950. Mzee aliyeileta anasema baba yake aliinunua baada ya mauzo ya pamba. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na Mwamapalala, kijiji chao, kama vijiji vingi vya Usukumani wakati huo, haikuwa na nguzo hata moja ya umeme. Kwa watu wa vijiji vya namna hiyo ziliundwa redio za valvu zinazokula betri kavu.

Kifuniko kinatoka. Vumbi analitoa kwa brashi laini ya rangi, akianzia juu na kushuka. Nyigu wamejenga nyuma ya spika. Udongo wao anaumega kidogo kidogo kwa kijiti cha mwanzi, maana spika ni ya karatasi na kisu kingeitoboa.

Halafu valvu, nne: DK96, DF96, DAF96, DL96. Herufi D inamaanisha filamenti ya volti 1.4, yaani jiwe moja la tochi linatosha kuziwasha zote. Filamenti yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Anazichomoa kwa kuzivuta wima bila kuziyumbisha, kwa sababu miguu saba ya kila valvu imepita moja kwa moja kwenye kioo, na kioo hicho hupasuka. Anapozipima kwa mita anaunga rezista katikati, kwani mita nyingine hupitisha umeme unaoweza kuunguza kile inachokipima. Zote nne ni nzima.

"Fundi, si uwashe tu tusikie?"

"Bado, mzee wangu. Hii ukiikosea mara moja, haina mara ya pili."

Kazi ndefu iko kwenye kapasita za karatasi zilizozamishwa kwenye nta. Karatasi hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na kapasita ikaanza kuvujisha umeme. Anayoiogopa zaidi ni ndogo tu, ile inayopokea sauti kutoka DAF96 na kuipeleka DL96. Ikivuja, DL96 hufanya kazi kupita kiasi, sauti hukoroma, betri huisha upesi na mwishowe valvu hufa. Fundi haitupi ile ya zamani. Anaipasha moto mpaka nta ilegee, anasukuma nje tumbo lake, anaingiza kapasita mpya ya plastiki ndani ya ganda lilelile, kisha anaziba ncha kwa nta ileile. Ukichungulia ndani huoni kama kuna kilichobadilishwa. Nimeona kwingine wakitoa vyote, wakapachika kibao cha FM na cha flashi, wakabakiza sanduku. Kazi hiyo ina wateja wake. Mimi naiita uchinjaji.

Betri ya volti 90 iliyokuja na redio hizi haiuzwi tena madukani. Fundi anaunga betri kumi za volti 9, moja nyuma ya nyingine, na kuzifunga kwa utepe. Anaziunganisha betri hizo na redio, valvu zikiwa bado mezani, kisha anapima kila tundu: je, volti 90 zimepenya hata kidogo kwenye matundu ya filamenti? Zikipenya, valvu zote nne zitaungua kwa mpigo. Anapima, anazunguka, anapima tena. Mzee amenyamaza.

Ndipo anarudisha valvu, anaunga jiwe, anazungusha swichi. Redio za umeme wa nyumbani hungoja valvu zipate moto, hizi hazingoji. Mngurumo unatoka papo hapo.

Giza linapoingia, mawimbi yakaanza kufika kutoka mbali, anashika kijiti alichokichonga kama bisibisi, kwa sababu chuma kingevuruga koili anayoirekebisha. Anatafuta stesheni dhaifu makusudi. Yenye nguvu hudanganya sikio. Anaanza na koili iliyo karibu na DAF96 na kurudi nyuma kuelekea DK96, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Akipita pale sauti ilipokuwa kubwa kabisa, anarudi. Mtangazaji anazungumza Kichina, kwenye mawimbi mafupi, na kila koili inapokaa sawa maneno yake yanasikika waziwazi zaidi.

Mzee anauliza kama itashika stesheni za Bariadi. Haitashika, hizo ni FM, na redio hii haina FM. Anacheka, anasema hizo anazo kwenye simu.

Fundi anachomoa betri zote, zisije zikavujia ndani ya sanduku. Waya za volti 90 anazivisha plagi nyekundu kubwa, za jiwe anazivisha nyeusi ndogo, na kila moja anaijaribu kwenye tundu la mwenzake, akisukuma kwa nguvu, mpaka aridhike kwamba haiingii.