Papusza na Bei ya Kuku

Filamu ya Papusza inaanza na kesi ya kuku. Mwaka ni 1971, nchi ni Poland. Mama mzee wa Kiroma yuko ndani kwa ajili ya kuku wa wizi, mara anatolewa jela na kupelekwa haraka ukumbini, ambako mashairi yake yanaimbwa kwa okestra nzima. Wakubwa wamevalia. Yeye anakaa kati yao kama mgeni kwenye sherehe yake mwenyewe.

Kama hujaiona, itafute. Iliongozwa na Joanna Kos-Krauze na mumewe Krzysztof Krauze, ikatoka 2013, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kiromani. Jowita Budnik anaigiza mshairi Bronisława Wajs, ambaye watu wake walimwita Papusza, yaani mwanasesere. Na kabla hujachanganyikiwa: Waroma si wale Warumi walioandikiwa barua na Mtume Paulo. Ni watu ambao lugha yao ina mizizi India, na ambao wameishi Ulaya kwa karne nyingi wakiitwa majina ya kila aina, mengi yao matusi.

Sasa, filamu za ngumbaru tumezizoea za aina moja. Mzee anaingia darasani, watu wanacheka, mzee anajua kusoma, watu wanalia kwa furaha. The First Grader ya 2010, ile ya Mzee Maruge, ilitufundisha kulia hivyo. Papusza inakataa kabisa. Hapa mtu anajifunza kusoma na kusoma kunamvurugia maisha, hadi anajiuliza kama asingekuwa na furaha zaidi bila hizo herufi. Wengi wakimaliza kuitazama hubishana kama watu wake walikuwa wakatili kumfukuza. Mimi naona swali lingine ndani yake, na linamhusu mwalimu: mtu mzima akija kwako kutafuta herufi, una haki ya kumwomba nini?

Papusza alikuwa na walimu wawili. Wa kwanza hana jina kubwa. Papusza alizaliwa karibu mwaka 1910, katika msafara wa magari ya farasi, miongoni mwa watu walioona kusoma ni mambo ya gadje, yaani wasio Waroma. Yeye alitaka. Kwa masimulizi yake, alianza kwa kuwabembeleza watoto wa shule wamwonyeshe herufi, kisha akampata mwanamke Myahudi mwenye duka. Makubaliano yalikuwa rahisi: wewe leta kuku, mimi nikufundishe. Kuku walitoka wapi, hilo tuliache.

Wa pili ni Jerzy Ficowski, mshairi kijana aliyejiunga na msafara huo mwaka 1949 akijificha kutoka kwa polisi wa siri. Herufi hakumfundisha, alikuta anazo. Alichomfundisha ni kwamba anayoyaimba ni mashairi, na kwamba ayaandike. Papusza akaandika Kiromani kwa herufi za Kipoland, Ficowski akatafsiri na kuyapeleka kuchapishwa. Mwaka 1953 akatoa na kitabu chake kuhusu Waroma wa Poland, chenye mila zao na maneno ya lugha yao.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Serikali ya Poland wakati huo ilikuwa na kampeni mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria ya 1949 ya kukomesha hali ya kutojua kusoma na kuandika, yaani ngumbaru ya taifa zima. Ya pili ilikuwa mpango wa kuwatuliza Waroma mahali pamoja, wakitaka wasitake. Mashairi ya Papusza yakatumika kuipamba hiyo ya pili. Watu wake wakaona siri zao zimeuzwa, na aliyeziuza wanamjua kwa jina. Wazee wakamtenga. Alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na mengi aliyoandika aliyachoma. Alikufa 1987.

Ficowski hakuwa mtu mbaya, na filamu ina busara ya kutomfanya jambazi. Aliwapenda, alijifunza lugha yao, aliamini anawasaidia. Ndiyo maana anatisha. Makosa yake ndiyo ambayo mwalimu mwema anaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Fikiria darasa la jioni la watu wazima, Ulaya ya leo. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya D.H. na wenzake dhidi ya Jamhuri ya Czech. Walalamikaji walikuwa Waroma 18 kutoka mji wa Ostrava, waliokuwa wamepelekwa shule maalumu za watoto wenye ulemavu wa akili. Takwimu walizowasilisha zilionyesha kwamba mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano zaidi ya mara 27 wa kuishia huko kuliko mtoto asiye Mroma. Mahakama ikasema huo ni ubaguzi. Watoto wa kizazi hicho leo ni watu wazima. Akirudi mmoja wao darasani, haji mtupu. Anakuja anakumbuka vizuri shule ilimwita nani.

Mwalimu wake afunzwe nini basi? Jibu la haraka ni utamaduni: Waroma huamini hivi, huheshimu vile, usiguse kile. Halafu zoezi la kwanza darasani: tuambie hadithi ya maisha yako. Linaonekana zoezi la upendo. Lakini ndilo ombi lile lile la Ficowski. Kwa watu ambao kujulikana na serikali kumewaletea polisi mlangoni, swali la "wewe unatoka wapi, kwenu mnafanyaje" si la kuchangamsha darasa.

Sisemi mwalimu akae na ujinga wake. Asiyejua kwamba Waroma walikuwa watumwa katika Romania ya sasa hadi miaka ya 1855 na 1856, au kwamba Wanazi waliwaua kwa malaki, ataumiza watu bila kujua. Ila hayo akayasome mwenyewe, afundishwe na wakufunzi Waroma wanaolipwa kwa kazi hiyo, asimkamue mwanafunzi aliyekuja kujifunza kujaza fomu. Baraza la Ulaya lilianzisha mwaka 2011 programu ya ROMED ya kufunza wapatanishi, wengi wao Waroma wenyewe, wa kusimama kati ya jamii na shule. Mtu wa namna hiyo anaweza kumwambia mwalimu, "Hilo usiulize." Papusza hakuwa na mtu kama huyo.

Na kuna njia nyingine ya kuanza somo. Shule ya watu wazima ya La Verneda-Sant Martí, Barcelona, iliyoanzishwa 1978, ilibuni mikutano ya kusoma ambapo watu waliokosa shule husoma vitabu vikubwa vya fasihi ya dunia. Kila mtu huchagua kifungu kilichomgusa, hukisoma kwa sauti, husema kwa nini. Mwalimu hana tafsiri iliyo sahihi kuliko ya wengine. Mikutano hiyo imewafikia Waroma pia. Ukitaka kuzungumzia maisha yako, sawa. Usipotaka, mezani kuna kitabu, na kitabu ndicho kinachoulizwa maswali.

Nikirudi kwenye filamu, hapa ndipo nina ugomvi nayo. Ni nzuri mno. Misafara inapita kwenye theluji kwa mbali, kila fremu ungeitundika ukutani, na watu wanageuka kuwa mandhari. Kamera nayo imekuja kukusanya, kama Ficowski. Mwenye duka, mwalimu aliyeanzisha yote, anapita haraka, na mwanamke na msichana walio juu ya kitabu ndio picha ambayo ningependa kukaa nayo zaidi.

Hili linatugusa na sisi tunaoandika. Ni mara ngapi tumekwenda kwa watu na warsha ya "simulia hadithi yako", tukarudi na hadithi, tukaichapisha, tukapigiwa makofi, na wao wakabaki na majirani zao? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwenye duka alitaja bei yake mapema, na Papusza alijua anatoa nini. Alitoa kuku, akapata herufi, na mambo ya msafara yakabaki ya msafara. Ningekuwa na walimu wa kufunza, ningewaonyesha filamu hii, kisha ningewauliza swali moja tu: katika darasa lako, mwanafunzi analipa nini ambacho hukumwambia?