Sifa ya Rangi ya Ndani

Modeli ya ndege ikikamilika, watu husifu mabawa, alama za taifa na mkia. Mimi nasifu kazi isiyopigiwa makofi: kuchagua rangi ya chumba cha rubani. Pande mbili za kiwiliwili zikishaunganishwa, karibu chumba chote hufichika, na mtazamaji hubakiwa na tundu dogo la kuchungulia. Hata hivyo fundi makini huanzia humo, na humo ndimo uaminifu wake kwa historia unamopimwa.

Sisi wa Mtabila, huku juu Kasulu, tuna ndege ya kujipimia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, zenye maboya ya kutua majini. Zilivushwa bahari hadi Kongo, zikapandishwa kwa mto na reli mpaka Ziwa Tanganyika, zikaundwa upya ng'ambo ya pili, karibu na mji ambao leo ni Kalemie. Mwaka 1916 zilivuka ziwa na kuipiga Kigoma mabomu, zikiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wakati huohuo askari wa Wabelgiji walikuwa wakishuka kutoka Burundi kupitia nchi ya Buha, na mwishoni mwa Julai Kigoma ikawa mikononi mwao. Vita hivyo vilipita milangoni kwa babu zetu. Anayetaka kuiunda ndege ile ana deni la kuiunda sawasawa.

Basi ndani yake tupake rangi gani? Mkono wa aliyezoea modeli utakimbilia kopo la kijani. Kijani hicho kina sababu yake. Ndege nyingi za Vita Kuu ya Pili zilijengwa kwa alumini, na alumini huliwa na unyevu na chumvi. Wamarekani waliikinga kwa praima ya zinki kromati, ambayo kwa asili ni ya manjano. Wakaichanganya na nyeusi ili istahimili jua, ikazaa kijani kinachojulikana leo. Waingereza walikuwa na kijani chao chenye kijivu. Baadaye Warusi walipaka vyumba vya MiG rangi ya feruzi. Kila moja ina zama zake na kiwanda chake.

Short 827 haimo katika ukoo huo. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao nyepesi, kikavikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Hapakuwa na ukuta wa alumini wa kulindwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kijani. Mbao zilipakwa vanishi, zikang'aa kama asali ya miombo ya Kibondo. Kitani kilibaki na rangi ya maziwa yaliyoingia manjano kidogo, na kwa kuwa kilipitisha mwanga, mbavu za mbao zilionekana kama vivuli. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa ndege hii, kipande hicho cha mti ndicho uzuri wenyewe.

Ushahidi hupatikana kwenye picha za zamani, ila picha nazo zina hila. Filamu nyingi za wakati ule hazikuhisi wekundu, na manjano ziliyahisi kidogo tu. Buluu ilitoka nyeupe, manjano yakatoka meusi kuliko yalivyo, nyekundu ikawa karibu sawa na nyeusi. Chukua duara la ndege za Ubelgiji: nyeusi katikati, kisha manjano, nyekundu nje. Katika picha ya namna hiyo lote laweza kuonekana giza tupu. Vivyo hivyo ubao wenye vanishi ya manjano waweza kuonekana mzito kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo picha haitoshi peke yake. Lazima umjue aliyejenga, alijenga kwa kitu gani, na mwaka gani.

Ukishajua, ndipo brashi inapofanya kazi. Kwanza pakaza kahawia nyepesi inayokaribia mchanga, iache ikauke kabisa. Chukua rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva, kidogo mno, uikokote kwa brashi kavu kufuata urefu wa ubao. Nywele za brashi zitaacha mistari myembamba, kama ya mninga uliopigwa randa. Ikikauka, funika kwa vanishi yenye manjano kidogo. Ndege hii ilikuwa na mabawa ya zaidi ya mita 16. Kwa kipimo cha 1:72 inabaki na sentimita 23 hivi, na chumba cha rubani hakizidi ukucha wa kidole gumba. Katika kitundu hicho mwanga ni haba, hivyo rangi sahihi huonekana nzito. Ipunguze ukali kwa tone la nyeupe.

Wapo watakaouliza faida ya kuhangaikia kisichoonekana. Jibu liko ziwani. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kazi ya ndani, iliyofichwa na maji kwa miaka, ndiyo iliyoiokoa.

Vijana wa Kasulu na Kibondo, mnaokata makopo na kupinda waya mkatoa magari na ndege, kazi hii ni yenu pia. Msikubali rangi kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, wala kwa sababu kila mtu anaipaka. Kabla ya kufungua kopo, ulizeni: chombo hiki kilijengwa kwa kitu gani, lini, na rangi ilitakiwa ikilinde dhidi ya nini? Mkipata majibu, pakeni hata pale pasipoonekana.