Mlima ni Ule Ule

Ukiwa Embu mjini ukaambiwa upande juu, kuelekea mlimani, utashika kaskazini. Ukiambiwa hivyo hivyo Meru mjini, utageukia kusini-magharibi. Mlima Kenya na mita zake 5,199 haujasogea; ni wewe uliyehama. Nimekulia kati ya miji hii miwili, na huenda ndiyo sababu naipenda kazi ndogo ambayo wasanidi wengi wa programu huifanya huku wakipiga miayo: kuunda simlinki ya folda.

Simlinki ni kibao cha njia panda. Ndani yake hamna kitu ila maelekezo: folda uitakayo iko kule. Ilienea katika Unix kupitia 4.2BSD ya mwaka 1983, na Windows ikaipata rasmi kwa Vista, zaidi ya miaka 20 baadaye. Ukiandika njia inayoanzia kwenye mzizi, umetaja mlima. Ukiandika ya jirani, "rudi nyuma hatua moja, kisha ingia data", hesabu huanza pale kibao kilipochomekwa, wala si pale uliposimama. Uwe Runyenjes au Nkubu, kibao kilichochomekwa Chuka huelekeza kutoka Chuka. Wengi huteleza hapo. Mimi niliteleza mara mbili.

Linux haijali mwisho wa njia kuna nini. Windows huuliza mapema: ni faili au folda? Ukijibu vibaya, kibao kinasimama lakini mlango haufunguki. Tena hudai ruhusa ya msimamizi, au hali ya msanidi iwe imewashwa, hisani iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017. Lugha ya Python huipitisha tofauti hiyo ya faili na folda kwa upole: unasema ni folda, Windows inasikia, Linux inapuuza. Rust haifichi neno. Upande wa Windows ina amri mbili, moja ya faili, nyingine ya folda. Naupenda ukaidi huo.

Lakini fundi utamjua siku ya kufuta. Kung'oa kibao cha Meru si kubomoa Meru, ila msimbo wenye pupa hufuata mshale na kufagia kila kilichoko huko. Fundi huuliza kwanza: hiki ni kibao au ni mji? Linux hukiondoa kama faili, Windows kama folda. Kisha anajaribu. Anaunda simlinki, anapitishia faili humo, anaing'oa simlinki, anafungua folda ya asili.

Faili ipo.