Rupia Hii Ilifuliwa Wapi?

Rupia ya fedha ikitoka kwenye sanduku la marehemu bibi huko Garsen, wajukuu huuliza bei kwanza. Fundi anayezijua sarafu hana haraka ya kuwajibu. Huishika ukingoni kwa vidole viwili, akaiweka kwenye mizani ya sonara, akangoja itulie. Rupia kamili ina gramu 11.66, yaani tola moja. Iliyopita mikono mingi hupungua kidogo. Ikipungua mno anaanza kuishuku.

Kwa watu wa mto Tana rupia ya India haikuwa pambo tu. Ilikuwa pesa ya dukani na ya kodi, kuanzia Kipini mdomoni mwa mto mpaka bara, na mwaka 1905 Waingereza waliifanya sarafu rasmi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imejaribu rupia yake ya Mombasa mwaka 1888, yenye herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, lakini ya India ndiyo iliyoshika soko, hadi florini ilipoingia mwaka 1920 na shilingi ikafuata.

Baada ya mizani ni zamu ya lenzi. Sote humtazama mfalme. Fundi huigeuza sarafu, akashuka chini kabisa, penye ua. Rupia za Edward wa Saba, za 1903 hadi 1910, zikiwa za Bombay huwa na B ndogo iliyozama. Za George wa Tano za Bombay zina nukta moja iliyoinuka. Za Calcutta, kwa wafalme hao wawili, hazina alama yoyote.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Atajuaje kwamba alama haikuwapo tangu mwanzo, na si kwamba imefutika? Herufi iliyozama hudumu, ila hujaa uchafu; nukta iliyoinuka huwahi kuliwa na vidole. Basi huiacha nukta kwanza, akachunguza petali za jirani, akiinamisha sarafu taratibu ili mwanga uipige kwa ubavu. Mistari ya petali ikiwa bado mikali na nukta haipo, ni ya Calcutta. Petali zikiwa zimelainika zote, kimya.

“Ya Calcutta, mzee?”

“Sijui. Imeliwa.”

Wengi wangebahatisha, maana jibu lolote humfurahisha mwenye sarafu. Mimi naona “sijui” hiyo ndiyo kilele cha kazi yake.

Mara nyingine jibu huwa rahisi, tena chungu. Herufi L ni ya Lahore, ya miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, zama za George wa Sita. Rupia hiyo haikumlipia babu kodi ya Mwingereza hapa Tana, hata familia iape vipi. Wakati huo kodi ililipwa kwa shilingi.

Kama unayo moja nyumbani, usiisugue kwa majivu wala ndimu kabla ya kumpelekea fundi. Nukta ya Bombay ikishatoka, hairudi.