Heko kwa Mafundi wa Civilization

Mwaka 1991, Sid Meier na Bruce Shelley walipotoa mchezo wa kompyuta wa Civilization, askari wa mkuki aliweza kuizamisha manowari ya chuma. Pambano liliamuliwa kwa bahati ya mara moja tu. Toleo la pili, mwaka 1996, likaleta dawa: kila kikosi kikapewa uhai unaopungua pigo kwa pigo, na mkuki ukakoma kufanya miujiza.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Kanuni ya Meier ni kwamba katika kila toleo jipya theluthi ya mchezo ibaki, theluthi irekebishwe, theluthi iwe mpya.

Toleo la tano, mwaka 2010, lilithubutu zaidi. Awali ungerundika vikosi hata ishirini kwenye mraba mmoja, ukatembea navyo kama siafu. Sasa miraba ikawa pembesita, kila moja kikosi kimoja cha vita. Ghafla kijia cha mlimani kikawa mali: wapiga mishale nyuma, wenye panga mbele. (Kompyuta yenyewe ilihangaika kupanga jeshi lake, tuseme kweli.) Toleo la saba, la 2025, lilitoka likikubadilishia taifa kila enzi, hilo bado halijaniingia.

Nasi Waswahili tuna fungu letu. Wimbo wa ufunguzi wa toleo la nne, la 2005, ni “Baba Yetu” wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy.