Utani katika Lugha za Kompyuta

Watunzi wa programu za kompyuta hutaniana kwa lugha zao kama watu wa miji miwili jirani wanavyotaniana kwa lahaja. Anayeandika kwa C humcheka wa Java kwa majina marefu yasiyokwisha; wa Java humcheka wa Perl kwa alama zilizosongamana mfano wa nyayo za kuku mchangani; kisha wote watatu huungana kumcheka wa COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Hata Python, ambayo wengi hudhani imepewa jina la chatu, iliitwa hivyo na mwasisi wake, Guido van Rossum, kwa kuwapenda wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Utani huo una mafungu mawili, na kwa ubora hayalingani hata kidogo.

La kwanza ni kejeli. Mwaka 1975 mwanazuoni wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika waraka wa kauli fupi na kali, na mojawapo ilidai kuwa kutumia COBOL hulemaza akili, hivyo kuifundisha kwastahili kuhesabiwa jinai. Kauli ile ilitoka kwa mtu aliyeijua fani yake hadi mizizini. Walioirudia baadaye aghalabu waliuchukua ukali wakaiacha elimu. Na mzaha wa namna hiyo una madhara yake: utani una wenyewe, na mtu hutaniwa na mtani wake. Kijana anayejifunza lugha yake ya kwanza, akaambiwa kwa kicheko kuwa lugha hiyo ni ya wapumbavu, bado hajawa mtani wa mtu. Huyo ametukanwa mlangoni kabla hajakaribishwa ndani. Ama COBOL yenyewe, iliyozikwa kwa vicheko mara zisizohesabika, mwezi Aprili 2020 gavana wa jimbo la New Jersey, Marekani, alijitokeza hadharani kuomba msaada wa wanaoijua, kwani mitambo ya kuwalipa waliopoteza kazi wakati wa UVIKO ilikuwa ikiitegemea. Wenye kungoja fedha hizo hawakuwa na la kucheka.

Fungu la pili ni la wale ambao badala ya kuicheka lugha ya mwenzao walitunga lugha nzima iwe ndiyo mzaha. Hapo mpenzi wa ushairi atajihisi yu nyumbani. Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Don Woods na James Lyon walibuni INTERCAL. Jina lake, kwa maelezo yao wenyewe, ni ufupisho wa maneno yanayosema kuwa lugha hii haina ufupisho unaotamkika. Ndani yake amri zaweza kutanguliwa na neno la Kiingereza lenye maana ya “tafadhali”. Mtunzi akiliacha mno, mtambo huikataa programu kwa utovu wa adabu. Akilikithirisha, huikataa kwa kujipendekeza. Kipimo ni takriban kati ya amri moja katika tano na moja katika tatu. Ni mizani, basi, ila hapa kinachopimwa ni heshima badala ya silabi. Mzaha huu hauhitaji mtu wa kudhalilishwa: anayechekwa ni mashine, ambayo siku zote huamrishwa bila kuombwa.

Mwaka 2001 wanafunzi wawili nchini Sweden, Jon Åslund na Karl Hasselström, walitunga lugha iitwayo Shakespeare. Programu yake husomeka kama tamthilia yenye vitendo na maonyesho. Wahusika ni vibebeo vya hesabu, nao hupeana thamani kwa kuambizana maneno. Nomino njema ni moja. Nomino mbaya ni moja hasi. Na kila kivumishi huzidisha kwa mbili. Kumwita mtu nguruwe mchafu mnene ni kumpa hasi nne. Msomaji aliyelelewa na majibizano, yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, atautambua ustadi huo papo hapo: tusi halipiti bila kupimwa, na aliyelitupa kombo huharibikiwa na shairi lote.

Si kila lugha ya fungu hili iliyofaulu. Malbolge, ya mwaka 1998, iliyopewa jina kutokana na jahanamu ya Dante, ilifanywa ngumu hata programu yake ya kwanza ikapatikana kwa kutafutwa na kompyuta, si kwa kutungwa na mtu. Fumbo lisilomhitaji mfumbuaji limekosa hadhira.

Bora kuliko zote ni Whitespace, ya Edwin Brady na Chris Morris. Herufi haina hata moja: amri zake ni nafasi tupu, vituo vya pambizo na mwanzo wa mistari. Na kwa kuwa lugha nyingi hazizijali nafasi hizo, programu yake yaweza kufichwa ndani ya programu ya lugha nyingine, kama shairi lililoandikwa katikati ya maneno ya shairi jingine. Ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2003, Siku ya Wajinga, nayo inafanya kazi barabara.